Stelingi Hafi Ujiji: Miaka Yangu ya Kutafsiri Katuni za Kijapani

Vijana wa kibanda cha kuchajia simu, ninyi mnaonisalimia "Shikamoo Mzee Maiki" kila nikipita kwenda msikitini, juzi mlinikera kidogo. Mlikuwa mmeinamia simu moja wote, mnabishana juu ya katuni ya Kijapani, na mmoja wenu akasema katuni za wakubwa zimefika Kigoma pamoja na intaneti, na kwamba sisi wazee tulikuwa tunatazama ngumi za Kichina tu. Sikumjibu kwa sababu adhana ilikuwa imeshatoka. Sasa nimekaa, nimevaa miwani, na majibu ninayo.

Mimi nilikuwa mtafsiri wa video. Hilo jina la Maiki mnaloniita halikutokana na muziki. Tulikuwa na banda la mabati hapa hapa Ujiji, mabenchi ya mbao, televisheni moja iliyopandishwa juu ya kabati ili wa nyuma waone, deki ya kanda za video chini yake, na jenereta nje inayopiga kelele kushinda spika. Pembeni ya televisheni anasimama mtu mmoja na maiki. Sauti ya filamu unaipunguza, ya kwako unaipandisha, na kila anachosema Mzungu au Mhindi au Mchina wewe unakisema kwa Kiswahili papo hapo. Watu walikuja kumsikia mtafsiri kuliko kumwona mchezaji. Mtafsiri akiwa butu, picha nzuri inaonekana mbaya.

Aliyenifundisha ni Side, mwenye banda, Mmanyema wa Ujiji, mnene, mcheshi, mwenye sauti ambayo ukiisikia kwa mara ya kwanza unageuka kutafuta watu wengine waliosaidia kuitoa. Side alikuwa na sheria zake za kazi. Mchezaji mkuu, yaani stelingi, apewe jina la mtaani ili watu wamzoee haraka. Kimya kisiwepo, filamu ikinyamaza, wewe sema, hata kama ni kumsalimia mtu aliyeingia amechelewa. Na sheria kubwa kuliko zote: stelingi hafi. "Stelingi hafi Ujiji," alikuwa akisema. "Akitaka kufa akafie Tabora."

Filamu ikielekea kumuua stelingi, Side alikuwa na dawa yake. Alijua mahali pa kusimamisha deki. Kidole kinabofya, picha inakatika, naye anatangaza kwa maiki kwamba mkuki ulipita kwapani, stelingi akatibiwa, akaoa, mwisho wa mchezo, tokeni polepole msivunje mabenchi. Watu wanatoka wanapiga miluzi. Msimcheke Side. Ilikuwa miaka ya tisini, miaka ya wakimbizi, na nusu ya waliokuwa wanaketi mle walikuwa wamevuka ziwa kutoka Burundi na Kongo, wengine wakiwa na nguo walizovaa tu. Siku moja nilimwuliza kwa nini anawadanganya watu. Akaniambia, "Kassim, hawa wameona vifo vya bure huko walikotoka. Mimi niwauzie kingine?"

Katuni za Kijapani ziliingia kwa mlango wa nyuma. Wafanyabiashara wa boti walikuwa wanaleta kanda kutoka Bujumbura na Uvira, zimefungwa kwenye vitenge zisilowe, na ndani ya mafungu hayo zilikuwemo kanda zenye maandishi kama vijiti vilivyomwagika. Side aliziona za watoto, akazitupa chini ya kabati. Tatizo jingine lilikuwa lugha. Humo watu wanasema Kijapani, na chini yanapita maandishi ya Kifaransa. Mimi na Side Kifaransa chetu kilikuwa "bonjuu" na "mesi".

Hapo ndipo alipoingia Mwalimu Bahati. Alikuwa mkimbizi kutoka Uvira, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata kwenye joto la saa nane mchana. Kwao alifundisha Kifaransa sekondari. Alikaa kwa ndugu zake Bangwe na kila siku alikuja Ujiji kwa baiskeli ya kuazima. Tulianza kufanya kazi wawili kwa wakati mmoja: yeye anaketi kwenye kigoda nyuma yangu, anasoma Kifaransa, ananinong'oneza kwa Kiswahili cha kwao, nami nakigeuza kiwe cha Ujiji na kukipeleka kwenye maiki. Wateja walimsikia mtu mmoja. Kumbe maneno yalikuwa yametoka Japani yakapita Ufaransa, yakalala Uvira, ndipo yakafika kwao.

Kanda ya kwanza ya aina hiyo ilituletea aibu. Side, akitaka watu wajue kwamba si katuni ya kitoto, aliandika kwenye ubao wa nje: KATUNI YA WAKUBWA TU. Nyinyi mnajua watu walielewa nini. Banda lilijaa wanaume walioshusha kofia mpaka kwenye nyusi. Shemeji yangu mmoja aliponiona alijifanya amepotea njia. Filamu ikaanza: bibi kizee anakataa kuhama shamba lake la mpunga wakati barabara inajengwa. Saa nzima ni bibi, mpunga na vyura. Nilikuwa nasubiri kupigwa. Hakuna aliyetoka. Tulipomaliza, mzee mmoja wa Simbo, mkulima, akasimama akasema, "Nilikuja kwa ujinga, lakini huyo bibi ana haki." Wakaanza kubishana juu ya fidia ya mashamba mpaka jenereta ikaisha mafuta.

Sitaki kuwaficha, zilikuwepo na za uchafu. Ndiyo maana tulijiwekea utaratibu wa kutazama kila kanda kwanza sisi wenyewe asubuhi, banda likiwa limefungwa. Mwalimu Bahati akisema, "Hii hapana, iko na haya," tunairudisha kwa aliyeileta. Lakini alikataa kuita uchafu kila kinachoumiza. Alikuwa akisema mkubwa ni mtu anayeweza kustahimili kuona jambo baya likiitwa kwa jina lake.

Ninyi mnasoma kwenye simu maoni ya watu wa mbali. Mmoja wenu alinisomea: mhakiki analalamika kwamba katuni za Wajapani zinajirudia, kila moja ina mji uliobomolewa, mashine iliyomgeuka aliyeitengeneza, mtu asiye na wazazi, maji, msitu wenye mizimu. Ni kweli zinajirudia. Mtu aliyefiwa naye anajirudia, hujawahi kukaa naye? Jambo linarudi kwa sababu halijaisha. Mwalimu Bahati alitueleza kwamba nchi ile iliwahi kuangushiwa mabomu miji ikawa majivu, na wanaochora hizi katuni ni watoto na wajukuu wa waliokuwa chini ya hayo mabomu. Tangu siku hiyo hata Side aliacha kuzitupa chini ya kabati.

Na wahakiki wetu hawakuwa wa kuandika, walikuwa wa kusema hapo hapo. Kuna kanda ya mtu aliyeumia vitani, wakambadilisha kiungo kimoja kimoja mpaka mwili wote ukawa chuma, akawa anazunguka mjini akiuliza kama yeye bado ni yule aliyezaliwa na mama yake. Wahakiki wa mbali, naambiwa, hapo wanaandika kurasa na kurasa. Kwetu alisimama Muha mmoja, mwenye baiskeli ya mizigo, akasema kwa sauti, "Huyu ndugu yangu kabisa. Mimi juzi nimesimamishwa barabarani, eti sema babu yako amezikwa wapi, labda wewe Mrundi. Nimezaliwa Kasulu, lakini nilipoulizwa vile nikaanza na mimi kujitilia shaka." Banda lilicheka, halafu kicheko kikakatika chenyewe, kwa maana waliokuwa pembeni yake ni Warundi kweli.

Katika katuni hizo adui naye ni shida. Kwenye ngumi za Kichina adui unamjua kwa kicheko chake. Wajapani wanakuletea adui mwenye mama mgonjwa. Side alichukia sana. "Sasa nimzomee nani?" alikuwa akiuliza. Hata shehe mmoja wa mtaani, aliyekuja kutufungia kwa sababu alisikia tunaonyesha majini, alikaa mpaka mwisho, akatoka akisema, "Mashetani ya hawa watu ni mengi, lakini yana adabu. Yanabisha hodi." Hakutufungia.

Kitu kilichonisumbua mimi ni kimya. Katuni hizo zina sehemu ambapo hakuna anayesema: upepo unapita kwenye majani, sufuria inachemka, mtu anamenya kiazi taratibu. Nilivyofundishwa na Side, nilikuwa nazijaza kwa maneno yangu, mara nawasalimia wavuvi wa Ilagala, mara natangaza mandazi ya mlangoni. Siku moja Mwalimu Bahati akanivuta shati. "Mutafsiri," akasema, "na hapo umeambiwa kitu. Weka maiki chini." Nikaiweka. Kwa mara ya kwanza tulisikia jinsi watu wanavyopumua humo ndani. Nawapa hii ninyi mnaotaka kuwa watafsiri, na mnaotengeneza video za kueleza filamu za wenzenu huku mnapiga kelele mwanzo hadi mwisho: jifunzeni kwanza mahali pa kunyamaza. Mengine ni rahisi. Hedi ya deki, ile inayosoma kanda, inasafishwa kwa spiriti na pamba safi, usitumie mate kama alivyokuwa akifanya Side.

Sasa niwaambie habari ya Mama Sifa, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi.

Mama Sifa alikuwa Mbembe, kutoka ng'ambo, upande wa Fizi. Alivuka na binti yake mdogo, Sifa, kwa mtumbwi uliojaa kupita kiasi, na mumewe akabaki ufukweni akisema atakuja na mtumbwi wa pili. Mtumbwi wa pili uliondoka, hilo lilijulikana. Kufika haukufika. Alipokelewa na shemeji yake, kaka wa mume, aliyekuwa mvuvi hapa Ujiji tangu zamani, na akaanza kuuza mandazi mlangoni mwa banda letu.

Mwaka ulikuwa umepita na zaidi. Shemeji na watu wa kanisani walimtaka akubali msiba ukae, walie, waombe, mambo yawe na mwisho. Mama Sifa alikataa kabisa. Alisema ukimlilia mtu aliye hai unamuua kwa mdomo wako. Mwili haukuonekana, nani alimwona amekufa? Basi nyumba ile ikawa haina msiba wala haina amani. Shemeji haongei na shemeji, mtoto hajui kama aseme baba yuko au baba alikuwepo. Kila boti ikitia nanga, Mama Sifa anaacha beseni la mandazi na kukimbilia ufukweni kuangalia wanaoshuka. Wateja walishazoea, walijichukulia na kuacha hela kwenye kitambaa.

Ndani ya banda hakuwahi kuingia. Lakini ukuta wa mabati hauzuii sauti, na spika yetu ilikuwa kali. Alizijua filamu zote kwa kusikia. Wakati mwingine natoka kupata upepo ananiuliza, "Baba Maiki, ule bibi wa mpunga, alikuwaka mweupe ao mweusi?" Nami namweleza sura zao. Alikuwa anacheka vizuri sana akisahau.

Ndipo ikaja kanda moja, Side akaipa jina la "Binti wa Bwawa". Serikali imejenga bwawa, mji mzima unafunikwa na maji, watu wanahamishiwa mlimani. Baba mmoja, fundi seremala, anarudi kwa mtumbwi kuchukua vifaa vyake na hatokei tena. Binti yake, mtu mzima, kila siku anapiga kasia juu ya mapaa ya nyumba zilizozama, anaita. Majirani wanamwambia aache. Hata aliyesimamia ujenzi wa bwawa si adui: naye alizaliwa mji huo na nyumba ya mama yake ameizamisha mwenyewe, kwa sababu huko chini, mto unakoelekea, kuna watu wengi waliokuwa wanakosa maji. Mwishoni mtumbwi wa baba unaonekana mbali, unakuja na upepo.

Tulipoitazama asubuhi tuliujua mwisho. Mtumbwi ni mtupu. Mchana, banda likiwa limejaa, Side alikuwa kwenye maiki mwenyewe, na mtumbwi ulipotokea ukiwa bado kama doa, akabofya. "Baba amerudi!" akapiga ukelele. "Wanakumbatiana, wanapika, wanakula! Mwisho wa mchezo!" Miluzi ikapigwa. Watu wa ziwani wakapiga miguu chini mpaka vumbi likapanda. Mimi nilikuwa nakunja nyaya, sikufikiria kitu. Ilikuwa kawaida yetu.

Kesho yake, kabla ya kuanza, Mama Sifa akaja mlangoni bila beseni. Amevaa kitenge cha kwendea kanisani, amesuka nywele. Akasema na Side, ambaye sauti ilikuwa imemkauka kwa kelele za jana, anajibu kwa kichwa tu.

"Ile katuni ya jana mutairudilia?"

Side akaitikia kwamba ndiyo.

"Basi mi leo minaingia. Ule baba alirudi, nilisikia. Minataka nione vile alirudi. Minataka nione ule binti alifanya uso namna gani."

Akaenda kuketi benchi la mbele, katikati ya wavuvi, wakampisha. Sisi watatu tukabaki tunatazamana. Mwalimu Bahati alikuwa wa kwanza kusema. "Tumwambie sasa, mbele ya kuanza. Hii si muchezo tena."

Side akajibu kwa sauti ya kukwaruza kama kisu kwenye magamba, "Nimwambie nini? Yule mama anaishi kwa tumaini lile. Wewe nani hata ulivunje?"

"Si mi nimelivunja, Side. We ndiye ulilijenga jana, na hauna mbao."

"Nitasimamisha palepale. Ataona mtumbwi unakuja. Inatosha."

Wote wawili walikuwa wanampenda yule mama, na hapo ndipo ugumu wenyewe ulipokuwa. Nikaona bora niende mimi. Nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia, "Mama Sifa, filamu hii ina mambo yake mwishoni…" Akaniwekea mkono begani. "Usiniambie, Baba Maiki. Siku zote hizi niko nasikia tu. Leo wacha nione."

Kwa kuwa Side hakuwa na sauti, maiki ikawa yangu. Side akakaa chini karibu na deki, Mwalimu Bahati kwenye kigoda chake. Sijawahi kutafsiri kwa shida kama siku ile. Kila binti alipoita "Baba!" juu ya yale mapaa, mimi ndiye niliyekuwa namwitia, na Mama Sifa alikuwa mbele yangu karibu kiasi cha kumgusa. Hakulia. Alikuwa amekaa ameinamia mbele, kama mtu anayesubiri kuteremka.

Mtumbwi ukatokea, doa tu. Waliokuwepo jana wakaanza miluzi, "Huyo! Huyo baba anakuja!" Side akabofya. Picha ikakatika, zikabaki chenga. Akanitazama niseme maneno ya jana. Nikaishusha maiki mpaka kifuani.

"Washa," Mama Sifa akasema.

Mvuvi mmoja nyuma yake akamwambia kwa upole, "Mama, amerudi. Ndo mwisho wake, hata jana waliishia hapo."

"Jana nilisikia. Leo nilikuja kuona. Na sijamuona." Halafu akamtazama Side moja kwa moja. "Baba Side, washa."

Side alikuwa mtu mkubwa, nimekwisha kuwaambia, lakini pale chini alionekana mdogo. Akamtazama Mwalimu Bahati, na Mwalimu akawa anatazama mikono yake mwenyewe. Kidole cha Side kilikaa juu ya deki kwa muda. Kisha akawasha.

Mtumbwi ukasogea mpaka ukajaa kwenye kioo. Mtupu. Msumeno na randa vimelala ndani, maji kidogo yanachezacheza. Hakuna neno lililoandikwa chini, nami nikaiweka maiki mezani. Binti akaufunga mtumbwi ule nyuma ya wake. Akawasha jiko dogo, akapika wali, akapakua mabakuli mawili. Lake akala lote, taratibu, bila kuruka tonge. La pili akalimimina majini. Ndipo akasema neno moja, na Mwalimu Bahati akaninong'oneza, nikachukua maiki nikasema kama nilivyopewa, bila kuongeza chumvi: "Baba, nitakuja kukutembelea. Kukutafuta, sasa basi." Akapiga kasia kurudi nchi kavu, mitumbwi miwili.

Jenereta ilikuwa ikiunguruma nje peke yake. Halafu zogo likaanza. "Mnatuchezea! Jana alirudi!" Mmoja akapiga benchi teke. Nilidhani siku hiyo banda litavunjwa.

Mama Sifa akasimama, akageuka kuwatazama wote. "Mubaache hawa," akasema. "Jana nilisikia ule baba amerudi, nikaenda nyumbani nikapika ugali wa batu babili. Nikafunika wa kwake. Asubuhi nikautupa. Kila siku nafanyaka vile, hamukujua, hata mtoto wangu hajui. Unga wenyewe wa kupewa." Kisha akamwuliza Mwalimu Bahati, kwa adabu, kama mtu anayemwuliza mwenyeji wa nchi ile, "Mwalimu, kwao mtu akibakia majini, wanalia siku ngapi?"

Mwalimu Bahati akasema, "Filamu haisemi, mama."

"Basi sisi tutalia siku zetu."

Akatoka. Yule mvuvi aliyekuwa nyuma yake akamfuata, kisha wengine. Aliyepiga benchi teke aliliinua vizuri, akalibeba kichwani, akauliza, "Kwa shemeji yake ni njia ipi?" Ndivyo mabenchi yetu yalivyohama. Side aliyekuwa hana sauti alizunguka Ujiji nzima kwa miguu akiwaambia watu kwa ishara kwamba banda limefungwa, kuna msiba.

Sijaona msiba kama ule. Shemeji mtu alipoona watu wanaingia na mabenchi kichwani alidhani kuna ugomvi. Alipoelezwa aliketi chini palepale uani, akamlilia kaka yake kwa sauti, naye Mama Sifa akaenda akaketi ubavuni pake. Hawakuwa wamesemezana kwa miezi. Sifa mdogo alitembea kati ya watu akiwaambia, "Baba yangu amekufa majini," na ilikuwa kama amepewa ruhusa ya jambo alilokuwa amelishika mdomoni muda mrefu. Wanawake wa Kibembe wakaimba, Waislamu wa mtaani wakaleta sufuria na kuni, Waha wakaleta maharage. Mchana wa siku ya pili wakaanza kuja watu tusiowajua. Habari ilikuwa imetembea kwamba Ujiji kuna msiba wa mtu asiyeonekana. Wakaja wengine waliokuwa na watu wao majini, au msituni, au mahali wasipopajua, ambao hawakuwahi kuwalilia kwa sababu ile ile ya Mama Sifa. Hakuna aliyepanga, lakini kila aliyefika alisimama akataja jina la mtu wake, watu wakaitikia, akaketi.

Sisi wa banda tulikuwa benchi la nyuma, mimi, Side na Mwalimu Bahati. Nilikuwa nimefanya kazi na Mwalimu Bahati kila siku ya Mungu, tumekula sahani moja, na maisha yangu yote aliyajua. Ya kwake sikuwahi kuyauliza. Nilimwona mtu wa kufunga vifungo, nikafikiri ndivyo alivyo. Alipoinuka nilidhani anakwenda kunywa maji.

"Muke wangu, Riziki," akasema. "Na mtoto alikuwa tumboni."

Mle bandani nilikuwa nimezoea kuyapokea maneno ya mdomo wake kwa kunong'onezwa, nikayapeleka kwa watu kwa sauti kubwa. Siku ile aliyasema mwenyewe, na yalifika mpaka barabarani. Watu wakamwitikia. Alipoketi tena nikamshika mkono, Side akaushika wa pili, tukalia wote watatu mbele za watu.